MICHEZO YA MEZANI NA YA UBAONI: HALALI YAKE NA MIPAKA YAKE

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa letu la hapa Kianjokoma liliulizwa swali ambalo lilitupasa kuliweka kando somo la siku ile na kulitazama kwa utulivu, kwani lilihusu nyumba zetu wenyewe. Nimeona bora kuliandika jawabu lake, ili ndugu ambao hawakuhudhuria nao wafaidike, na ili yule aliyehudhuria akasahau apate kurejea.

SWALI

Ndugu mmoja alisema: "Sheikh, mwanangu asomaye Nairobi amekuja likizoni na sanduku la mchezo. Ndani yake mna ramani ya kutandaza mezani, askari wadogo wa plastiki aliowapaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, na dadu. Kila jioni, majani ya chai yakishapelekwa kupimwa, hukaa na ndugu zake na watoto wa ami zake, na baadhi yao si Waislamu, wakacheza mpaka usiku. Jirani yangu ameniambia kuwa jambo hili ni haramu kwa sababu tatu: kwanza ni mchezo, pili mna dadu, tatu mna sanamu. Nami nafurahi kumwona mwanangu amekaa nyumbani, lakini naiogopa dhambi. Nifanye nini?"

JAWABU

Ndugu yetu ameuliza swali la mzazi mwenye kuchunga, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Jirani yake naye hakusema kwa ubaya. Amesema kwa kuionea dini ghera. Lakini ghera bila ya elimu ni kama panga mkononi mwa mtoto. Kwa hiyo tutazichukua sababu zake tatu, moja moja, tuzipime kwa dalili.

1. Je, mchezo wenyewe ni haramu?

Asili ya mambo ya dunia ni uhalali, mpaka ije dalili ya kuharimisha. Na katika mwendo wa Bwana Mtume (s.a.w.) twaona kwamba mchezo haukufukuzwa nyumbani mwake. Imepokewa na Abu Dawud kuwa alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha akamshinda, na baada ya muda, Bibi alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda yeye, akamfanyia mzaha kuwa hii ni malipo ya ile. Na katika Bukhari na Muslim mna khabari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake apate kuwatazama, wala hakuondoka mpaka alipochoka Bibi mwenyewe.

Tena yuko Sahaba Hanzala, ambaye khabari yake imo katika Muslim. Huyu alijihofia unafiki kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume moyo wake huwa kama unaiona Akhera, na akirudi kwa mke na watoto husahau mengi. Mtume hakumwambia awaache mke na watoto. Alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile.

Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 Hijria, katika mlango wa kulea watoto wa kitabu chake cha Ihya, amesema kuwa mtoto akishatoka chuoni apewe ruhusa ya mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwani kumzuilia mchezo na kumkalifisha kusoma daima kunaufisha moyo wake na kuipoteza akili yake. Haya ni maneno ya mtu ambaye hapana awezaye kumshitaki kuwa alikuwa mpenda upuuzi.

Basi sababu ya kwanza ya jirani imeanguka. Mchezo kwa kuwa ni mchezo tu, si haramu.

2. Kamari ndiyo mzizi wa maovu

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi, akaamrisha tujiepushe nayo. Kisha akatueleza sababu zake: Shetani anataka kutia uadui na bughudha baina yetu kwa mambo hayo, na kutuzuilia kumkumbuka Mungu na kusali. Msomaji azishike sababu hizi mbili, uadui na kusahau sala, kwani ndizo mizani tutakayopimia kila mchezo mpaka mwisho wa makala haya.

Kamari ni kila mchezo ambao wachezao huweka mali, na mmoja akaichukua kwa kumshinda mwenziwe. Hapana tofauti mali ikiwa ni shilingi kumi, au soda, au simu. Vijana wakicheza dama chini ya mti, na aliyeshindwa akawanunulia wenziwe chai kwa sharti iliyofungwa kabla ya mchezo, hiyo imekwisha kuwa kamari, ingawa dama yenyewe haikuwa na ubaya. Na bao likichezwa kwa fedha ni kamari, ingawa babu zetu walilicheza.

Na kamari kubwa ya zama zetu haiko ubaoni. Imo mifukoni mwetu, katika simu. Kijana aweza kukaa peke yake shambani, hana mwenzi wala ubao, akaipoteza kazi ya mwezi mzima kwa kubonyeza kidole. Nitalirejea jambo hili.

3. Khabari ya dadu

Hapa jirani wa ndugu yetu ana la kutegemea, nasi hatutalificha. Mtume (s.a.w.) ameukemea vikali mchezo wa nard, ambao ni mchezo wa Kiajemi wa ubao na dadu. Katika Muslim, kwa mapokezi ya Burayda, ameufananisha na mtu kutia mkono wake katika nyama ya nguruwe na damu yake. Na katika Muwatta ya Imamu Malik na katika Abu Dawud, kwa mapokezi ya Abu Musa Al-Ash-ari, mwenye kuucheza amehesabiwa kuwa amemuasi Mungu na Mtume wake. Kwa ajili hii wanavyuoni walio wengi wameuharimisha nard hata bila ya kuwekeana mali.

Ama sataranji, haikuthubutu Hadithi sahihi ya Mtume juu yake, na kwa hivyo wanavyuoni wakakhitilafiana. Imamu Malik na Imamu Ahmad wameikataza. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kama alivyoeleza Imamu Nawawi, ni makuruhu, wala haifiki kuwa haramu ila ikiingia kamari au ikimpitisha mtu wakati wa sala.

Kwa nini wakatofautisha baina ya ubao huu na ubao ule? Imamu Rafii na wengine katika wanavyuoni wa Kishafi wameeleza kanuni nzuri: mchezo unaotegemea hisabu na fikra hufuata hukumu ya sataranji, na mchezo unaotegemea bahati ya kutupa hufuata hukumu ya nard. Na ajabu ni kwamba katika mlango huo huo wameutaja ubao wa mti uliochimbwa mashimo, ukatiwa vijiwe vya kuchezea. Wakakhitilafiana juu yake, wengine wakautia katika nard, na kanuni ya Rafii ikawarejesha katika kutazama: je, mchezaji ategemea akili yake au bahati? Msomaji wa Kiswahili akisoma mlango huo hukumbuka bao mara moja.

Na bao letu, kwa kanuni hiyo, hukumu yake iko wazi. Lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Hapana dadu, hapana karata iliyofichwa, wala hapana kinachojulikana na mmoja kisijulikane na mwenziwe. Kila kete iko mbele ya macho. Mchezaji hodari huzihesabu kete za mashimo mengi kabla hajatia mkono, akajua itakapolala kete yake ya mwisho. Akishindwa hana wa kumlaumu ila hisabu yake. Huku pwani limechezwa na watu wa heshima tangu zamani, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1840, alitunga shairi juu yake. Na huku bara halikuwa geni: Wakikuyu wana giuthi, Wameru wana kiothi, Wajaluo wana ajua, na katika miamba ya Hyrax Hill karibu na Nakuru mna mashimo ya mchezo huu yaliyochimbwa na watu wa kale.

Turejee kwenye sanduku la kijana. Mchezo wake una fikra nyingi, kwani asiyepanga askari wake vizuri hushindwa. Lakini ndani yake mna dadu pia. Wako wanavyuoni wa zama hizi wanaoona kuwa yakatazwa yale tu ambayo dadu ndiyo mtawala wake, na wako wanaoikataza dadu popote ilipo. Basi hapa ni mahali pa shubha, na Mtume ametufunza kuwa mwenye kujiepusha na shubha ameisalimisha dini yake na heshima yake. Nami nilimshauri ndugu yetu hivi: mwambie mwanao aiache dadu, lakini umwambie kwa upole na kwa dalili, wala usilitupe sanduku lake.

Mmoja wa vijana alinena kuwa itosha kuiondoa dadu na kuweka vijikaratasi vyenye nambari katika kofia. Hii ni hila. Ukiiondoa nambari mkononi ukaitia kofiani, bahati ni ile ile.

4. Khabari ya sanamu

Sanamu za viumbe zina makatazo yanayojulikana, na sababu yake kubwa ni kufunga njia ya kuabudiwa na kutukuzwa. Lakini ndani ya makatazo hayo mna ruhusa, na ruhusa hiyo yatoka nyumbani mwa Mtume mwenyewe. Katika Bukhari na Muslim mna khabari kuwa Bibi Aisha alikuwa akicheza na watoto wa bandia, na wenziwe wasichana wakija kucheza naye. Mtume akiingia, wao hujificha kwa haya, naye huwarejesha kwake wacheze.

Na Abu Dawud amepokea khabari nyingine iliyo karibu zaidi na swali letu. Mtume alirejea kutoka safari ya vita, upepo ukalifunua pazia, akaziona bandia za Bibi Aisha, na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza ni kitu gani hiki. Akajibiwa ni farasi. Akastaajabu farasi kuwa na mbawa, na Bibi Aisha akamuuliza kama hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

Tazama, ewe ndugu. Mtume wa Mungu amerudi kutoka vitani, na jambo la kwanza tulilohadithiwa ni kuwa alisimama mbele ya mchezo wa mkewe, akauliza, akasikiliza jawabu, akacheka. Wangapi katika sisi tukirudi kutoka sokoni twauliza watoto wetu wanacheza nini?

Kwa dalili hizi wanavyuoni wengi wameruhusu sanamu za kuchezea watoto. Ama wakubwa, wamekhitilafiana. Kwa hivyo nilisema: vile viaskari vikiwa ni kete za mchezo, vikatumika na kurudishwa sandukuni, jambo lake ni jepesi, visipangwe ukutani kwa pambo na utukufu, na visiwe na sura za mashetani au za miungu ya watu. Na aliye mkubwa akitaka usalama zaidi, atumie kete za mti zisizo na sura; mchezo hautapungua ladha.

5. Saa na ulimi

Mchezo ukiepukana na kamari na dadu na sanamu za kukatazwa, bado una maadui wawili. Wa kwanza ni saa. Huku kwetu chini ya mlima, katika miezi ya Juni na Julai, baridi na ukungu huwakusanya watu jikoni mapema, na sala ya Isha huja watu wamekwisha kaa na kusahau. Weka desturi: ubao ufunikwe wakati wa adhana, hata kama mtu yuko karibu kushinda. Hasa akiwa karibu kushinda. Na asiyeamka kwa sala ya Alfajiri kwa sababu ya mchezo wa usiku, basi mchezo huo kwake umekuwa haramu, ingawa kwa jirani yake ni halali.

Adui wa pili ni ulimi. Matusi, viapo vya uongo, kumcheka aliyeshindwa mpaka akaondoka na kinyongo: huo ndio uadui ambao aya imeutaja, nao waweza kuingia hata pasipo senti moja mezani. Baba akicheza na wanawe, na awafunze kushindwa. Mtoto ambaye hakupata kushindwa mbele ya baba yake kwa salama, atafunzwa kushindwa na watu wasiomhurumia.

KOSA LANGU

Nimeahidi kuirejea khabari ya kamari za simu, nami nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Mwaka nilipofika hapa kutoka pwani, nilikuwa na elimu ya vitabuni na haraka ya ujana. Nilikuta vijana wanne wakicheza dama kwa vizibo vya soda karibu na mahali tunaposalia, baada ya sala ya Alasiri. Hawakuwekeana kitu. Sala walikuwa wamesali, na wawili kati yao nilikuwa nao safu moja. Mimi sikuuliza. Niliuchukua ule ubao wao, ambao ni kipande cha mbao walichokichora kwa makaa, nikauvunja mbele ya watu, nikawaambia maneno makali juu ya nard na juu ya nguruwe. Nikaondoka nikijiona nimeinusuru dini.

Vijana wale hawakunijibu, kwa adabu. Lakini hawakukaa tena karibu na msikiti baada ya Alasiri. Wakapata mahali pengine, na huko hapakuwa na ubao. Palikuwa na simu. Baada ya miaka michache mmoja wao alitumwa na mamake kuitoa bonasi ya chai, ambayo mama yule huingoja mwaka mzima kwa karo na kwa mbolea. Fedha hazikufika nyumbani. Ziliishia katika kubahatisha kwa simu, kwa siku mbili.

Mama alikuja kwangu, akakaa barazani, hakulia. Akaniuliza swali moja: "Sheikh, wakati ule walipokuwa wakicheza vizibo pale nje nikiwaona, mbona uliwafukuza?" Sikuwa na jawabu. Sisemi kuwa mimi ndiye niliyemtia kijana yule katika kamari. Kila mtu ana hisabu yake mbele ya Mola wake. Lakini nasema kuwa niliufunga mlango wa halali bila ya dalili, na anayeufunga mlango wa halali huwa amewaelekeza watu kwenye mlango ulio wazi.

Nilimwendea kijana, nikamtaka radhi. Kisha nikamwendea seremala, nikamlipa atuchongee bao. Sasa liko katika chumba chetu cha darasa, na baada ya Alasiri vijana hulichezea hapo mpaka karibu na Magharibi. Yule kijana huja. Bado anajitahidi na nafsi yake, nasi twamwombea.

6. Faida ya udugu

Limebaki jambo moja ambalo ndugu yetu alilitaja kwa kupita, nami naliona ndilo kubwa: kwamba mwanawe hucheza na watoto wa ami zake ambao si Waislamu.

Wengi wetu katika nchi hii ya Embu na Meru tuna wazazi na ndugu wasiokuwa katika dini yetu. Karamu zao nyingine hatuwezi kuhudhuria kwa sababu ya pombe, na nyama nyingine hatuwezi kula. Mtu akisilimu, baba yake mara nyingi hudhani amempoteza mwana. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Luqman, aya ya 15, ametuamrisha tukae na wazazi kwa wema duniani hata kama wao si wa dini yetu, ilimradi tusiwatii katika shirki. Sasa tukae nao wapi, na kwa shughuli gani?

Namjua ndugu mmoja ambaye kwa muda mrefu hakuwa na maneno na baba yake tangu aliposilimu. Katika siku za kafyu ya maradhi ya korona, ambayo ilianza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, watu walifungika majumbani jioni. Mji wetu una huzuni yake ya wakati ule, ambayo kila mtu aijua, wala sina haja ya kuirejea. Ndugu huyu alimkuta baba yake amechimba mashimo katika udongo ukumbini, anawafunza wajukuu mchezo wa mashimo alioucheza akichunga mbuzi. Akachutama, akatazama, kisha akaomba na yeye achezeshwe. Mzee akamshinda mara tatu, akacheka, na usiku ule akamuuliza kwa mara ya kwanza: "Hebu niambie, hizo sala zenu tano ni za saa ngapi? Nisije nikakuita ukiwa katikati ya sala." Kuunga udugu kumepatikana kwa kokwa na mashimo ya udongo. Nani atakayesema kuwa saa ile ilipotea bure?

KHULASA

Basi jawabu la ndugu yetu ni hili. Mwanao kukaa mezani na ndugu zake ni jambo jema, ulilinde. Mali isiwekwe, hata ndogo. Dadu iachwe kwa kuepuka shubha. Viaskari virudishwe sandukuni. Ubao ufunikwe kwa adhana. Ulimi uchungwe. Na wewe mwenyewe ukae nao, walau siku moja kwa wiki, ujue wanacheza nini na wanasema nini.

Ndugu yetu aliyapeleka maneno haya nyumbani. Juma lililofuata alitupa khabari kuwa kijana alinyamaza kidogo, kisha akachukua karatasi na watoto wa ami zake, wakaandika kanuni mpya: jeshi lenye askari wengi zaidi mahali pa vita ndilo lishindalo, na kila mmoja aziandike amri zake kabla ya kusogeza. Wanasema umekuwa mgumu zaidi kuliko wa dadu. Baba amekwisha shindwa mara mbili na mwanawe mdogo.

MASWALI YA DARASA LIJALO

1. Taja sababu mbili za kuharimishwa kamari zilizotajwa katika Sura ya Al-Maida, na utoe mfano wa kila moja katika mtaa wako.
2. Ni kanuni gani waliyoieleza wanavyuoni wa Kishafi ya kupambanua baina ya mchezo wa fikra na mchezo wa bahati? Ipime kwayo dama, ludo, dhumna na keram.
3. Kila mtu aje na khabari ya mchezo mmoja aliofunzwa na babu au bibi yake. Asiyekuwa nao, aende akawaulize wakiwa bado hai.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali ambapo watoto wetu wapenda kurudi. Amin.